Mashine ya kubana vizibo haitaki misuli

Wengi wanaojitengenezea mashine ya kubana vizibo vya chupa za soda, tangawizi au juisi ya ukwaju huanza na imani moja: kadiri unavyobonyeza kwa nguvu, ndivyo gesi itakavyokaa ndani. Imani hiyo ndiyo inayopasua shingo za chupa. Kizibo cha taji, ambacho William Painter wa Baltimore, Marekani, alikipatia hataza mwaka 1892, huziba kwa kipimo. Kikiwa kipya upana wake ni karibu milimita 32. Kikishabanwa sawasawa kwenye chupa ya kawaida, ukikipima kwa venia, kile kipimio cha taya kisomacho sehemu ndogo za milimita, utapata kati ya 28.6 na 28.8. Kikizidi hapo gesi hupenya. Na kipimo hicho hakitolewi na mkono wako, hutolewa na tundu la kikombe cha chuma kinachoshuka juu ya kizibo. Kikombe kikishafika chini, nguvu yoyote unayoongeza inaishia kwenye kioo.

Kwa hiyo hela ya fundi wa kukereza itumike kwanza kwenye kikombe. Mdomo wake uwe na mviringo laini uliosuguliwa ukang'aa, ili meno 21 ya kizibo yakunjike pamoja bila kukwaruzwa. Tundu lililotobolewa kwa drili tu, kingo zikiwa kali, litakata bati.

Halafu kuna wale wanaosema gia kubwa ndiyo yenye nguvu. Kwenye raki na pinioni, yaani ufito wa meno unaokishusha kikombe na gia ndogo inayozungushwa kwa mpini kuusukuma, mambo ni kinyume. Nguvu ya mkono huzidishwa kwa urefu wa mpini uliogawanywa kwa nusu kipenyo ya pinioni. Chukua pinioni ya moduli 2 (moduli ni ukubwa wa meno: kipenyo kwa milimita ukigawanya kwa idadi ya meno) yenye meno 12: kipenyo chake ni milimita 24, nusu yake 12. Mpini wa milimita 360 unakupa mara 30, yaani kilo 10 za mkono zinakuwa kilo 300, kabla msuguano haujachukua chake. Sasa weka ile raki ya mageti ya kuteleza, ambayo kwa kawaida ni moduli 4, na pinioni yenye meno yaleyale 12. Faida inashuka hadi mara 15. Raki hiyo ni imara na huuzwa tayari, sina ugomvi nayo, ila mpini itabidi uwe mrefu maradufu. Kupunguza meno ya pinioni nako kuna mwisho: kwa meno yenye mteremko wa nyuzi 20, chini ya meno 17 shina la jino huanza kuliwa wakati gia inapokatwa. Kwa kazi ya mkono 12 bado yanafaa. Mimi nisingeshuka zaidi.

Dhana inayoua mashine nyingi za nyumbani haisemwi hata kwa sauti, inaonekana tu kwenye michoro: kwamba pinioni huisukuma raki chini na basi. Meno yana mteremko. Kwa pembe ya nyuzi 20, zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya kushuka huisukuma raki kando, iikimbie pinioni. Kwenye zile kilo 300, hizo ni karibu kilo 110 za pembeni. Ndiyo maana bomba lililochomelewa kwa haraka, raki ikipwaya ndani yake, hufanya kazi vizuri ikiwa tupu lakini huruka meno chupa ikiwekwa. Mgongo wa raki unahitaji kuegemea bushi ya shaba au bamba nene, tena palepale inapokutana na pinioni. Kuyakaza meno mpaka yagusane kabisa hakusaidii, kwa sababu yataganda na kulika. Acha upenyo mdogo, upake grisi.

Wapo pia wanaoamini raki ya usukani wa gari chakavu itaingia moja kwa moja. Chuma chake ni kizuri, lakini mara nyingi meno yake yamekatwa mshazari na pinioni hukaa kwa pembe, kwa hiyo ukiifunga wima itakusumbua. Drili ya kusimama iliyokufa mota ni bora mara nyingi. Ile mikono mitatu unayozungusha kuishusha inaendesha raki na pinioni, na mwongozo wake tayari umenyooka.

Mpini nao hufungwa popote, kana kwamba pembe haina maana. Kubana kwenyewe hutokea ndani ya milimita 6 hivi za mwisho, ambazo kwa pinioni yetu ya kwanza ni kama nyuzi 29 za mzunguko. Ufunge mpini ili wakati huo uwe karibu kulala mlalo, uzito wa mwili ukushukie vizuri. Kwa kuwa chupa hazilingani urefu, tengeneza meza ya kupandisha na kushusha. Usitegemee raki ndefu peke yake.

Kizibo kilichokwisha kufunguliwa kwa kifungulio hakirudi, hata ukikinyoosha kwa nyundo. Ule mpira wa ndani umeshashika umbo la mdomo mwingine. Sumaku ndogo katikati ya kikombe hushika vizibo vipya bila shida, maana ni vya chuma. Chupa za vizibo vya kuzungusha ziache. Na ukikuta chupa ya Ulaya ambayo kizibo cha kawaida hakiikai, huenda mdomo wake ni wa kipimo kikubwa zaidi, kiitwacho cha milimita 29, na hiyo inataka kikombe chake.