Mapatano ya waungwana: sheria isiyoandikwa ya futiboli ya vyuo vya Marekani

Kwa miongo mingi, mpaka katikati ya miaka ya 1950, vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na desturi iliyoitwa "mapatano ya waungwana". Timu ya Kaskazini yenye mchezaji mweusi ikipangiwa mechi na timu ya Kusini, kwenye majimbo ya ubaguzi wa rangi, mchezaji huyo anawekwa nje. Hakuna mkataba, hakuna sahihi. Wakuu wa michezo wa vyuo viwili wanazungumza, wanaelewana, basi. (Futiboli hapa ni ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, si kandanda yetu.)

Jina hili likisemwa kwa Kiswahili linauma zaidi. Leo muungwana ni mtu mwenye adabu, lakini katika pwani ya zamani muungwana alikuwa kwanza mtu huru, kinyume cha mtumwa. Na ndivyo mambo yalivyokuwa: watu ambao ukoo wao haukuwahi kuuzwa walikaa wakaamua habari ya kijana ambaye, mara nyingi, alikuwa mjukuu wa watumwa. Yeye mwenyewe hakuitwa kwenye kikao.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa tarehe 20 Oktoba 1934, mjini Ann Arbor. Georgia Tech, chuo cha Kusini, walikuwa wageni wa Chuo Kikuu cha Michigan, cha Kaskazini. Michigan walikuwa na Willis Ward, mchezaji mweusi wa pembeni na mwanariadha hodari kiasi kwamba mwaka uliofuata alimshinda mkimbiaji mashuhuri Jesse Owens katika mbio fupi. Wageni wakasema kwamba Ward akicheza, wao hawachezi. Wanafunzi wakakusanya sahihi na kuandamana. Gerald Ford, ambaye miaka 40 baadaye angekuwa rais wa Marekani, alikuwa rafiki yake Ward na walilala chumba kimoja timu iliposafiri. Alifikiria kujitoa kikosini. Mwisho Ward akawekwa nje, kwenye uwanja wake wa nyumbani, tena kwa matakwa ya wageni. Ili mizani ikae sawa, Georgia Tech nao wakamtoa mchezaji wao mmoja mzungu wa nafasi ileile. Yaani kumnyima mtu haki yake kulipimwa kama biashara, kichwa kwa kichwa. Michigan walishinda 9-2, na huo ndio ukawa ushindi wao pekee msimu mzima. Ward baadaye alieleza kwamba siku ile ilimuua ari ya michezo. Akasomea sheria, akawa jaji. Ford naye hakusahau: mwaka 1999, akiwa rais mstaafu, alilisimulia tukio hilo gazetini akitetea vyuo vinavyozingatia rangi katika kudahili wanafunzi.

Wengi huishia hapo, kana kwamba madhara yalikuwa ya siku ya mechi tu. Mimi naona madhara makubwa zaidi yalikuwa kwenye usajili. Jiweke mahali pa kocha wa Kaskazini: una nafasi chache za ufadhili wa masomo, na unajua kijana mweusi atasugua benchi kila mkikutana na timu ya Kusini. Wengi walisajili mmoja au wawili, wengine hawakusajili kabisa, na hakuna aliyelazimika kusema ni kwa sababu ya rangi. Kusini kwenyewe vyuo vya wazungu vilikuwa vimewafungia weusi mlango tangu darasani. Vipaji vya huko vikaenda vyuo vya weusi, kama Grambling ya Louisiana, ambako kocha Eddie Robinson alishinda mechi 408.

Desturi hiyo ilianza kuchoka vita vya pili vya dunia vilipokwisha. Januari 1956 Chuo Kikuu cha Pittsburgh, cha Kaskazini, walikwenda New Orleans kucheza na Georgia Tech wakiwa na mchezaji wao mweusi, Bobby Grier, wakakataa kumwacha. Gavana wa Georgia alitaka Georgia Tech wasiingie uwanjani. Wachezaji na wanafunzi wao wakapinga, mechi ikachezwa.

Kisha Duffy Daugherty, kocha wa Michigan State, chuo kingine cha Kaskazini, akaona kilichokuwa kimeachwa wazi. Alijenga urafiki na makocha weusi wa sekondari za Kusini, nao wakampelekea vijana wao: Bubba Smith kutoka Beaumont, Texas, George Webster kutoka South Carolina, Jimmy Raye kutoka North Carolina. Tarehe 19 Novemba 1966 Michigan State walipotoka sare 10-10 na Notre Dame, nacho chuo cha Kaskazini, wapinzani wao walikuwa na mchezaji mweusi mmoja tu, Alan Page.

Kuhusu Chuo Kikuu cha Alabama, cha Kusini, watu hupenda kusimulia kwamba milango ilifunguka tarehe 12 Septemba 1970 mjini Birmingham, Sam Cunningham, mchezaji mweusi wa USC (Chuo Kikuu cha Southern California), alipowavuruga na timu yake ikashinda 42-21. Kipigo kile kiliwafumbua macho mashabiki wengi, lakini kocha wa Alabama, Bear Bryant, tayari alikuwa amemsajili kijana mweusi, Wilbur Jackson. Siku ile Jackson alikuwa jukwaani akitazama. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu ya kwanza ya chuo. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa, na iliwahusu wote.