Pole pole sio mwendo kila mara: dhana potofu za dikohirensi

Dikohirensi ni pale mazingira yanapoivuruga hali ya kikwantamu ya sistimu, na dhana potofu ya kwanza juu yake nimeisikia mpaka nimechoka. Kila likizo vijana wa chuo wakirudi huku Malindi wananiletea kazi zao za fizikia nizipitie, na karibu wote wameandika kitu kimoja, kwamba ukitaka kuivusha sistimu ya kwantamu kwenye nukta ya mpito (pale inapobadilika kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine) bila kasoro (sehemu zilizokosa mpangilio) basi ipeleke polepole, na ukizidi kupunguza mwendo ndo matokeo yanazidi kuwa mazuri. Ukiuliza mbona, unaambiwa pole pole ndio mwendo.

Jamani hapana. Hiyo ni kweli kwa sistimu iliyojitenga kabisa na mazingira, na sistimu hiyo iko kwenye karatasi tu. Kwa mnyororo wa Ising (safu ya visumaku, kila kimoja kikielekea juu au chini), hesabu ya wanafizikia Kibble na Zurek inakwambia ukitaka kasoro zipungue nusu lazima muda wa kuvuka uwe mara 4, sawa, hapo hatugombani. Lakini kelele, yaani mitikisiko ya ovyo inayoisumbua sistimu, nayo haijalala, kila muda unaoongeza inakutilia kasoro zake, na hizo zinapanda sambamba na muda, kwa hivyo zile za kwanza zinashuka hizi zinapanda na lazima kuna muda mmoja wa katikati ambao ndo bora, ukiupita unaharibu mwenyewe. Ni kama kutoa samaki ufuoni kupeleka sokoni saa saba mchana, ukikimbia wanamwagika, ukijikokota jua linakuozea. Dutta, Rahmani na del Campo walilionyesha hili mwaka 2016 kwa uga wa kuendeshea (ule unaoivusha sistimu) wenye kelele, na hesabu yake haina huruma: kwenye mnyororo ule ule ukipunguza nguvu ya kelele (yaani mraba wa ukubwa wa mitikisiko) mara 8, muda bora unarefuka mara 4 tu. Kwa hivyo pima kelele kwanza! Halafu chora mikunjo yote miwili, wa kasoro zinazoshuka na wa zinazopanda, kwenye grafu moja kabla hujaniandikia neno polepole. Hata watu wa D-Wave, kampuni ya kompyuta za kwantamu, walipovusha mnyororo wa kyubiti (biti za kwantamu) 2,000 mwaka 2022, ule mwendo safi wa kikwantamu waliupata kwa kwenda mbio, nanosekunde chache tu.

Dhana nyingine ni "tutapoza", yaani ukiipoza mashine vya kutosha mazingira hayatakusumbua. Mashine zile za D-Wave tayari ziko chini ya milikelvini 20, sasa utapoza mpaka wapi? Kwenye nukta ya mpito pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayotosha kuisisimua sistimu, linasinyaa kadiri mnyororo unavyorefuka, kwa hivyo baridi yoyote uliyonayo hapo bado ni joto.

Eti dikohirensi ni kupoteza nishati. Sio lazima, fezi (hatua ya wimbi la kwantamu) inaweza kuvurugika na nishati ikabaki ile ile.

Eti inahitaji mtu wa kuangalia. Molekuli moja ya hewa inatosha, haina haja ya macho.

Na wale wanaosema mazingira ni adui siku zote, nao wapunguze. Ukishavuka na pengo likafunguka tena, mazingira ya baridi yanaweza kuzifyonza baadhi ya zile kasoro, yaani msisimko unashuka wenyewe, ila uyape muda, na hapo kweli polepole inasaidia.