Maswali na majibu: sigara ya mwanaume, sigara ya mwanamke

Mume wangu ni mvuvi hapa Mikindani. Anasema sigara inampa joto baharini na kumwondolea usingizi. Ni kweli?

Usingizi, ndiyo, kwa muda mfupi. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta, moyo ukaenda mbio na mtu akachangamka. Joto, hapana. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo vidole vyake vinazidi kupoa.

Kwa mvutaji wa kila siku ipo sababu nyingine asiyoitaja: arosto. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini imeshatoka kwenye damu, anaanza kukereka, anawasha nyingine ili arudi katika hali yake ya kawaida. Raha ya mwanzo imebaki kidogo sana.

Nitajuaje kama nimeshakuwa mraibu?

Angalia asubuhi. Anayewasha ndani ya dakika 30 tangu aamke, uraibu umeshamkolea. Kwa anayefunga Ramadhani kuna kipimo kingine: ikiadhiniwa Magharibi, mkono unatangulia kwenye tende au kwenye sigara?

Mimi ni mwanamke, navuta kwa kujificha, hasa nikigombana na mtu au mawazo yakinizidi. Mbona kaka zangu wanavuta kijiweni wakicheka?

Dada, ulichokieleza kinafanana na tafiti nyingi. Wanawake zaidi hutaja kutuliza msongo, huzuni na hasira, na wengine hofu ya kunenepa. Pia harufu, moshi na kile kitendo cha kushika sigara huwavuta sana, wakati wanaume wengi huongozwa zaidi na nikotini yenyewe. Si kila mtu yuko hivyo, lakini tofauti ipo.

Siri nayo ina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku Tanzania ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Mwanamke anayevuta hujiona yuko peke yake, akaogopa kusema hata kliniki. Sema, tafadhali. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huvunja nikotini haraka kuliko wa mwanaume, na vidonge vya majira vyenye estrojeni (homoni ya kike) huongeza kasi hiyo, kwa hiyo hamu hurudi mapema. Kubwa zaidi, ukiwa na miaka 35 au zaidi, kuchanganya vidonge hivyo na sigara kunaongeza hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Mhudumu akijua unavuta, atakuchagulia njia nyingine ya uzazi wa mpango.

Navuta msimu wa korosho tu, hela ikiingia, tukikaa na wenzangu au kwenye ngoma. Hiyo nayo ni shida?

Ndiyo. Hata sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayemaliza 20. Wa mara moja moja, wake kwa waume, huvuta zaidi kwa starehe na kampani, mara nyingi pamoja na pombe. Kwako kazi iko kwenye kile kikao na kile kibanda kinachouza sigara moja moja.

Bibi anatumia ugoro. Si hauna moshi?

Nikotini imo, na kemikali zinazosababisha saratani zimo. Mjamzito asiuguse kabisa.

Nianzie wapi kuacha?

Kwa siku chache, kabla ya kuwasha, taja sababu: arosto, hasira, mazoea au kampani? Ikiwa arosto, jiandae kwa siku 3 za kwanza, ndizo kali. Wimbi moja la hamu hupita ndani ya dakika chache, na hali hupungua katika wiki 2 hadi 4. Muulize daktari au mfamasia kuhusu dawa za kusaidia. Ikiwa hasira au mawazo, plasta ya nikotini, ile inayobandikwa kwenye ngozi kupunguza hamu, peke yake haitatosha. Tafuta mtu wa kuzungumza naye, hata muuguzi wa zahanati ya kijijini. Ikiwa kampani, waambie wenzako mapema wasikupe. Na anayeishi na mvutaji asimfokee, maana kwa anayevuta kwa hasira, hapo ndipo atakapotoka nje kwenda kuwasha nyingine.