Je, Wajua Kwa Nini Kuku Anaweza Kujazwa Protini na Bado Akakosa Protini?

Chukua sehemu 7 za mahindi ya kuparaza na sehemu 1 ya damu iliyochemshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Mahindi yana protini ya asilimia 8.5 hivi, na damu kavu inakaribia asilimia 85. Piga hesabu, utapata chakula chenye protini ya asilimia 18. Kuku anayetaga hupendekezwa kupewa asilimia 16 hadi 18. Mahindi yanampa nguvu, damu inampa protini, na hesabu imekubali.

Nimewahi kuwalisha kuku wangu hivyo kwa wiki kadhaa. Mayai yalianza kuwa madogo, kisha yakapungua idadi. Matetea wakawa wanadonoana manyoya ya mgongoni na kuyameza. Maranda yaliyo chini ya mti wanaolalia yalikuwa yameloa kila asubuhi, na ukiinama kuokota yai unakutana na harufu kali ya kuchoma macho. Nikasema protini haiwatoshi, nikaongeza damu. Mayai yakazidi kupungua na harufu ikazidi kupanda.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye neno lenyewe, protini, ambalo nilikuwa nalichukulia kama jina la kitu kimoja, kama tunavyosema chumvi au maji. Niliamini kwamba gramu moja ya protini ni sawa na gramu nyingine, itoke kwenye damu, dagaa au mahindi, na kwamba chakula chenye asilimia kubwa zaidi ndicho chakula bora zaidi. Wafugaji wengi wanaamini hivyo hivyo, na si ajabu, kwa sababu namba hiyo ya asilimia ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mfuko wa chakula.

Tuanze na namba hiyo, maana asili yake inashangaza. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alitangaza njia ya kupima protini kwenye nafaka. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, na nafaka iliyomshughulisha ni shayiri ya kutengenezea bia. Njia yake haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni iliyomo, kisha namba inayopatikana inazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni ya asilimia 16 hivi. Ndiyo maana kwenye vipimo vya malisho huitwa protini ghafi.

Sasa fikiria kinachotokea kipimo hicho kikikutana na kitu chenye naitrojeni kisicho chakula cha kuku. Mbolea ya urea ina naitrojeni ya asilimia 46. Zidisha kwa 6.25 na utaambiwa ina protini ya zaidi ya asilimia 280. Manyoya ya kuku yakisagwa mabichi yatasomeka kuwa na protini ya zaidi ya asilimia 80, na kuku akiyala, sehemu kubwa itatoka nyuma ilivyoingia, kwa kuwa tumbo lake haliwezi kuyavunja mpaka yawe yamepikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa. Kipimo cha Kjeldahl ni kizuri na bado kinatumika duniani kote. Kinajibu swali moja tu, naitrojeni ni kiasi gani, na sisi tunakisoma kana kwamba kimejibu mawili.

Swali la pili ni hili: naitrojeni hiyo imebebwa na nini? Kuku hahitaji protini kama protini. Anachohitaji ni asidi amino, vile vipande vidogo vinavyounganishwa kuijenga. Ziko aina 20 zinazotumika kujenga protini za mwili. Nyingine mwili wa kuku unazitengeneza wenyewe, lakini karibu 10 hauwezi, au hauwezi kwa kasi inayotosha, kwa hiyo lazima ziwemo kwenye chakula.

Mtazame mtu anayetunga shanga. Ana mchoro mbele yake: nyekundu mbili, nyeupe moja, nyeusi moja, bluu tatu, kisha anarudia. Mchoro haubadilishiki, na sharti la kazi hii ni kwamba hawezi kuruka shanga wala kuweka rangi nyingine mahali pake. Akifika mahali pa nyeusi na nyeusi zimekwisha, mkufu unaishia hapo. Ndoo nzima ya nyekundu iliyo pembeni haimsaidii kitu. Ukimletea ndoo ya pili ya nyekundu, umemwongezea mzigo tu.

Hivyo ndivyo chembe za mwili wa kuku zinavyojenga ute wa yai, manyoya na misuli. Asidi amino iliyo haba kuliko zote, ukilinganisha na inavyohitajika, ndiyo inayoamua kazi itafika wapi. Kwenye mahindi, haba ni laisini na triptofani. Mwaka 1914 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya zeini, protini ambayo ndiyo nyingi zaidi ndani ya mahindi, na panya hao hawakuweza kukua. Walipoongezewa laisini na triptofani, wakakua. Chakula kilikuwa na protini tangu mwanzo. Shanga za rangi mbili ndizo zilikosekana.

Mfano wa shanga unafika mbali zaidi ya hapo. Mtungaji wetu hana sanduku la akiba. Kila siku ikiisha, shanga zilizobaki zinafagiliwa nje. Mwili wa kuku unaweka akiba ya mafuta, lakini hauna ghala la asidi amino zilizozidi. Zisipotumika zinavunjwa, na naitrojeni yake inageuzwa kuwa asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya kinyesi cha kuku kama chokaa. Protini ikizidi, kuku hunywa maji mengi zaidi ili kutoa uchafu huo, kinyesi kinakuwa chepesi, na bakteria kwenye maranda yaliyoloa wanaigeuza asidi ya yuriki kuwa amonia. Harufu iliyokuwa inanichoma macho ilikuwa ile ile protini niliyoinunua, ikitoka bandani bila kugusa yai.

Nirudi kwenye mchanganyiko wangu wa damu. Damu ina laisini nyingi sana, kwa hiyo pengo la mahindi linazibwa vizuri. Lakini damu ni maskini mno wa asidi amino iitwayo isoleusini, na mahindi hayana ya kutosha kulifidia hilo. Chakula kile cha asilimia 18 kilikuwa na isoleusini kama nusu tu ya inayotakiwa na kuku anayetaga. Wakati huo huo kilikuwa na asidi amino nyingine, leusini, zaidi ya mara mbili ya mahitaji, maana mahindi na damu vyote vina leusini kwa wingi. Na hizi mbili zinafagiliwa kwa ufagio mmoja: mwili ukianza kuvunja leusini iliyozidi, unaivunja na isoleusini ile chache iliyokuwepo. Kwa hiyo kila kijiko cha damu nilichoongeza kilileta leusini nyingine, na ufagio ukaongeza kasi.

Yai la gramu 60 lina protini ya gramu 6 hivi. Tetea hawezi kutaga yai lenye protini ambayo haijakamilika. Atakachofanya ni kutengeneza yai dogo zaidi, au kuchelewesha linalofuata.

Kuhusu kudonoana manyoya, niwe mwangalifu. Manyoya hujengwa kwa asidi amino zenye salfa, na mojawapo, methionini, ikipungua kuku huota manyoya hafifu na mara nyingine huanza kuyala. Lakini kuku hudonoana pia kwa msongamano, kwa mwanga mkali, kwa wadudu na kwa kukosa la kufanya. Dalili hiyo peke yake haitoshi kulaumu chakula. Vilevile, viwango nilivyovitaja vimetokana zaidi na kuku wa mayai wanaofungiwa, ambao hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku anayezurura na kuokota minyoo, mchwa na panzi anajiongezea mwenyewe shanga zinazokosekana, ndiyo maana wa kuzurura anaweza kuvumilia chakula ambacho kingemwangusha mwenzake wa bandani.

Dawa yake, basi, ni kuchanganya vyakula vyenye mapengo tofauti. Soya ina laisini nyingi na methionini chache. Mashudu ya alizeti ni kinyume chake, methionini yake ni nzuri na laisini haba. Ukiviweka pamoja juu ya mahindi, kila kimoja kinaziba shimo la mwenzake, na dagaa kidogo wanakamilisha palipobaki, kwa kuwa samaki wana zote mbili kwa wingi. Mchanganyiko wa namna hiyo wenye asilimia 16 unaweza kuushinda ule wa kwangu wa 18 kwa mbali. Damu si sumu. Ikiwa sehemu ndogo katikati ya vyakula vingine inafaa kabisa.

Soya ina sharti lake. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia kimeng'enya cha kusaga protini tumboni, na kuku anayeila mbichi kongosho lake huvimba kwa kulazimishwa kufanya kazi mara mbili. Osborne na Mendel hao hao ndio walioonyesha mwaka 1917 kwamba soya lazima ipikwe ndipo iwe chakula. Moto huharibu vizuizi hivyo. Lakini moto ukizidi, laisini hushikana na sukari iliyomo na tumbo haliwezi tena kuiachanisha, ingawa kipimo cha Kjeldahl kitatoa namba ile ile. Ukikaanga soya nyumbani, ipasue punje moja: ndani iwe na rangi ya dhahabu na ladha ya ubichi iwe imekwisha. Ikifika kahawia iliyokolea, laisini uliyoitafuta imeanza kupotea.

Dagaa nao wakaguliwe. Tumbukiza konzi moja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, acha itulie: mchanga utakaa chini na utaona umenunua samaki kiasi gani na ardhi kiasi gani. Yaonje maji hayo. Yakiwa na chumvi kali, usiongeze chumvi nyingine kwenye mchanganyiko, kwani chumvi ikizidi huua kuku, vifaranga hasa.

Mengine nayapitia kwa haraka. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, ya asilimia 3.5 hadi 4 kwenye chakula chake, kwa kuwa kila ganda hubeba gramu 2 hivi, lakini kiwango hicho huumiza figo za vifaranga, kwa hiyo wasilishwe pamoja. Mahindi yenye ukungu yasiingie kabisa: sumu ya aflatoksini iligunduliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na kupika hakuiondoi.

Linalohitaji subira ni kusaga na kuchanganya. Kuku huokota kwa mdomo na hupenda punje anazoweza kuzishika, kwa hiyo mahindi yaparazwe, yasiwe unga laini. Vitu vya kiasi kidogo, yaani vitamini, madini, chumvi na methionini ya unga, vichanganywe kwanza na konzi chache za pumba, kisha na ndoo moja ya mahindi, ndipo viingie kwenye lundo lote. Ukivimwaga moja kwa moja juu ya gunia zima, kuku mmoja atapata kingi na kumi hawatapata.

Halafu jioni inama uangalie chini ya kihori. Siku nzima wamechagua mahindi, na pale chini imebaki vumbi ya rangi ya kijivu ambayo ukiisugua kati ya vidole inanukia dagaa na vitamini. Hiyo ndiyo methionini, hiyo ndiyo chokaa, hizo ndizo shanga nyeusi. Nikiikuta siongezi chakula kipya juu yake. Nainyunyizia maji kidogo mpaka ishikane kama mchanga mbichi, nawaachia wenyewe, na wanaimaliza kabla ya kupanda kulala. Kikibaki chochote kilicholoa nakitoa usiku huo huo, maana hakichukui muda kuota ukungu.