Kununua gari la spoti lililotumika na kuliandaa kwa uwanja wa mbio: yanayosemwa na yaliyo kweli

Siku ya uwanjani si mashindano. Unalipa ada, asubuhi unaelekezwa maana ya bendera, halafu unaingia kwenye saketi iliyofungwa na kulikimbiza gari lako kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20 hivi. Hakuna kombe, na humpiti mwenzako mpaka akupe ishara. Kwa kuwa hakuna mashindano, wengi hudhani gari nalo halipati kazi. Linapata, tena kubwa kuliko lilivyowahi kupata. Ushauri mwingi wa vijiweni kuhusu gari gani linunuliwe na lifungwe nini hutoka kwa watu wanaolijua gari la barabarani tu. Barabarani injini na breki hupumzika muda mwingi. Uwanjani hazipumziki, na karibu kila kinachoharibika huko huanza na joto.

“Bila farasi 300 usijisumbue”

Hii ndiyo inayowamaliza watu pesa mapema. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 115 na uzito usiofika tani moja, na mpaka leo gari hilo na vizazi vyake vilivyofuata ni vya kawaida sana viwanjani. Gari jepesi halichoshi breki, halili tairi, na dereva akikosea kona hukosea akiwa kwenye mwendo ambao bado anaweza kujirekebisha.

Piga hesabu. Gari la kilo 1,300 likipunguza mwendo kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72, breki zinameza nishati ya karibu megajuli 1.36. Hiyo inatosha kuchemsha lita nne za maji yaliyokuwa nyuzi 20. Saketi yenye sehemu sita za kukanyaga breki kwa nguvu ni lita 24 kwa mzunguko mmoja, na wewe umepanga kuzunguka mara nane bila kutoka. Sasa ongeza nguvu ya injini ili ufike mwisho wa sehemu iliyonyooka mwendo ukiwa umezidi kwa asilimia 10. Nishati ya gari inapanda kwa asilimia 21, maana inafuata mraba wa mwendo. Farasi ulioongeza wanaishia kuwa joto kwenye diski zilezile.

Anayeanza ningemwelekeza kwenye MX-5, au Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ kama mfuko unaruhusu, na ningemsihi atenge fungu la matairi, pedi na oili kabla hajakubaliana bei na muuzaji.

“Tafuta lenye kilomita chache, na ukisikia liliwahi kuingia uwanjani, kimbia”

Gari la miaka 20 lililotembea kidogo ni gari lililokaa sana. Mipira ya rejeta imekauka, bushi zina nyufa, sili za oili zimekakamaa, mafuta ya breki yamenyonya unyevu. Tazama ubavuni mwa tairi: pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi kama hilo linaweza kuwa na meno yake yote na mpira ukawa umeshakufa. Na hizo kilomita zenyewe, nani asiyejua kwamba mita hurudishwa nyuma?

Gari lililokimbizwa uwanjani na mtu makini huja na bahasha ya risiti: oili iliyobadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyodai, beringi za magurudumu, rejeta mpya. Mimi ningelichukua hilo kabla ya lile lililolala chini ya turubai miaka sita. Lakini risiti peke yake haitoshi, na ukaguzi wenyewe hautafanana kwa magari yote, kwa sababu kila aina ina ugonjwa wake unaojulikana.

BMW ya kizazi cha E46 huumwa sakafu ya nyuma. Lipandishe juu, chukua tochi na kitambaa, ufute matope pale fremu ndogo inayobeba difu ilipofungwa kwenye bodi. Bati huchanika kuzunguka bolti, ufa ukianzia kwenye kichomeleo na kutambaa kuelekea nje. Ukikuta sehemu hiyo peke yake imepakwa rangi mpya nyeusi huku chini kwingine kote ni vumbi la miaka, uliza maswali kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni. Mazda RX-8 yenye injini ya rota hupimwa kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) kwa kifaa chake maalumu, si kile cha injini ya pistoni, na ikiwa inasumbua kuwaka ikiwa moto, tayari umeshapata jibu: kompresheni imeshuka. Kwenye Porsche Boxster ya 986 na 911 ya 996, mafundi huulizia beringi ya shafti ya kati kama imeshabadilishwa, kisha hupasua filta ya oili na kuikunjua karatasi yake juani. Vipande vya chuma vinavyometameta humo vinamaliza mazungumzo.

Halafu kuna gia iliyokosewa. Wengi huamini kikomo cha mizunguko ya injini kinailinda kwa kila hali. Kikomo hukata mafuta tu. Dereva akitoka gia ya 3 akakusudia ya 4, mkono ukamtupa kwenye ya 2, magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini kupita uwezo wake, na hakuna kompyuta ya kuzuia hilo. Honda S2000 za mwanzo, ambazo kwa kawaida tu hupanda hadi 9,000 kwa dakika, hazina nafasi ya kusamehe kosa hilo. Kompyuta ya 911 ya kizazi cha 997 huweka kumbukumbu ya mizunguko iliyozidi kwa ngazi 6. Fundi mwenye kifaa atakusomea, na muuzaji anayekataa isomwe amekusaidia pia.

“Anza na breki kubwa”

Hapana. Anza na mafuta ya breki, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kufikia takriban asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Kwenye gari lililonunuliwa juzi hujui yamekaa humo miaka mingapi. Yakichemka ndani ya kalipa (kibano kinachosukuma pedi kwenye diski) yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Mguu unahisi dalili kwa hatua: kwanza pedali inakwenda chini kidogo kuliko mzunguko uliopita, kisha inakuwa laini, kisha inagota sakafuni na gari haliitikii. Hatua ya kwanza ndiyo ya kutoka nje, wala si ya kusema “mzunguko mmoja tu nimalizie”.

Kwa hiyo: toa yote ya zamani, weka mapya yenye kiwango cha juu cha kuchemka. Yapo ya mbio yanayopita nyuzi 300 yakiwa makavu, ila yabadilishe mara nyingi zaidi. Angalia namba. DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 4, lakini DOT 5 ni silikoni na haichanganywi nayo. Baada ya mafuta, pedi zinazostahimili joto. Pedi za barabarani zikipita joto lake hupoteza mshiko hata kama pedali bado ni ngumu, na za uwanjani zikiwa baridi huwa hazishiki vizuri, jambo la kukumbuka unapoingia na unaporudi nyumbani. Diski zenye matundu zinapendeza, ila nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Diski tambarare ya kawaida, mpya, inakutosha.

Na mzunguko wa mwisho uzunguke polepole, breki ipate upepo. Ukiegesha usivute breki ya mkono, maana pedi ikiibana diski yenye moto mkali itaacha alama ya vumbi lake hapo, nawe utatetemeshwa usukani mpaka unarudi kwako. Weka gia, tafuta kizuizi cha gurudumu.

“Tairi za mbio ndiyo mwendo wa bure”

Tairi zinazonata zinaleta mwendo, kweli. Zinaleta na bili. Mshiko ukiongezeka, nguvu inayolivuta gari ubavuni inaongezeka, na oili iliyo kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, inakimbilia upande mmoja. Kwenye kona ndefu bomba la kunyonya linabaki hewani. Presha inaanguka, na beringi za konrodi zinazunguka bila oili ya kutosha. Injini imenoki, na mwenye gari anaapa alimwaga oili mpya jana yake. Taa ya oili ya kiwandani haimsaidii sana, kwa sababu huwaka presha ikiwa imeshuka mno. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, funga geji halisi ya presha, na ukifikia kuvaa tairi za mbio, ulizia sampu yenye vizuizi vya ndani kwa injini yako. Petroli nayo hufanya hivyohivyo tangi likikaribia robo: gari linakata kwenye kona na kurudi kwenye sehemu iliyonyooka, watu wanabadilisha plagi bure.

Tairi nzuri za barabarani zina faida ambayo anayejifunza anaihitaji zaidi: zinalia kabla ya kuachia. Tairi za mbio nyingi huachia ghafla, tena kwa mwendo mkubwa zaidi. Upepo wake upimwe pale unapotoka uwanjani, tairi likiwa la moto, kisha upunguze. Ule uliojaza asubuhi kwenye baridi utakuwa umepanda. Na bila kuongeza kamberi hasi kidogo (tairi kulalia ndani kwa juu), gari la barabarani litakula bega la nje la tairi za mbele ndani ya siku moja.

Wanaoshusha springi mpaka tairi linagusa tao wafahamu kwamba shokapu isiyo na nafasi ya kutembea hugota, na gari lililogota katikati ya kona linateleza. Shokapu zilizochoka, bushi na alaimenti huja kwanza. Muonekano usubiri.

“Ukifunga mikanda ya mbio na mabomba ya kinga, uko salama”

Hapa ndipo dhana potofu inaweza kuua, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu, kiti cha kiwandani na mifuko ya hewa vilibuniwa vifanye kazi pamoja. Ukichomeka mikanda ya pointi 4 kwenye kiti hichohicho, mikanda ya mabegani huweza kuuvuta ule wa kiunoni upande tumboni wakati wa mgongano, mwili ukapenya chini yake. Ndiyo maana mikanda ya mbio ina kamba za kupita katikati ya miguu, kiti chenye matundu yake, na bomba la kufungia nyuma kwa pembe inayotakiwa. Tena ukiwa umefungwa wima namna hiyo huwezi kuinama paa likibonyea, hivyo kinga ya paa, yaani mabomba ya chuma yanayolizuia lisibonyee, lazima iwepo. Ni seti nzima au ubaki na mkanda wa kiwandani. Nusu ya seti ni mbaya kuliko kubaki na vya kiwandani.

Mabomba kamili ya kinga nayo, kwenye gari unaloendea kazini bila helmeti, ni chuma kigumu kilicho karibu na kichwa chako. Gari la wazi ni habari nyingine: viwanja vingi havilipokei bila bomba la kinga nyuma ya viti.

Helmeti ya pikipiki si sawa na ya gari. Alama ya Snell yenye herufi SA ni ya magari na hupimwa pia kustahimili moto. Yenye M ni ya pikipiki. Soma kanuni za uwanja kabla ya kununua.

“Bima yangu inalipa”

Mara nyingi hailipi. Bima nyingi za barabarani zinataja wazi kwamba viwanja vya mbio havimo, na ukigonga kingo za chuma unaweza kudaiwa na kingo zenyewe. Piga simu, pata jibu kwa maandishi.

“Dereva wa kweli huzima udhibiti wa mtelezo”

Uache ukiwaka. Taa yake ikimweka kila unapotoka kona ileile, imekuonyesha unapokanyaga mafuta mapema mno. Kuuzima ni uamuzi wa baadaye, kwenye uwanja wenye nafasi pana pembeni.

“Nimeshaliandaa, kilichobaki ni kuendesha”

Maandalizi yanaendelea kila kipindi kikiisha. Acha rimu zipoe, kisha kaza nati kwa spana ya kipimo. Chomoa kijiti cha oili, kwa sababu injini nyingi huanza kuila zikipelekwa juu muda mrefu. Usiufungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, tazama kiwango kwenye chupa. Chungulia unene wa pedi kupitia matundu ya rimu, ya ndani na ya nje, kwa kuwa kalipa iliyokwama hula upande mmoja tu. Fanya uamuzi wa pedi kabla ya kipindi cha mwisho, si baada yake: kama ulikuja ukiendesha gari hilohilo, zinatakiwa zibaki za kukurudisha.