Je, wajua kwa nini nyimbo za Krismasi hukaa vizuri kwenye hevi metali?

Ikifika Novemba nchini Finland, kundi la waimbaji wa hevi metali, ule muziki mzito wa magita yanayonguruma, hupakia magita na ngoma zao garini na kuanza kuzunguka miji. Nyimbo zao wenyewe wanaziacha nyumbani. Wanaimba za Krismasi, zilezile ambazo watoto hufundishwa shuleni na wazee huimba kanisani, mpaka sikukuu yenyewe ibishe hodi. Ziara hiyo inaitwa Raskasta Joulua. Kifini kina salamu "Hyvää joulua", Krismasi njema. Hii nyingine imejengwa vilevile, ila neno la kwanza ni "nzito": tunawatakia Krismasi nzito. Mpiga gita Erkka Korhonen alianza nayo mwaka 2004, na leo ni desturi ya Desemba inayojaza kumbi ambazo siku nyingine huchezewa hoki ya barafuni.

Niliposikia habari hizi mara ya kwanza nilikuwa na jibu tayari: hawa wanakejeli. Mtu mwenye nywele mpaka kiunoni na koti jeusi la ngozi anataka nini na mtoto wa Bethlehemu kama si kumcheka? Nilikosea. Tena nilikosea mara mbili, kwa sababu nyuma ya kosa hilo la wazi kulikuwa na jingine lililonichukua muda mrefu zaidi kuling'oa.

Tuanze na la kwanza. Waimbaji wa Raskasta Joulua si wachekeshaji. Marco Hietala, aliyepiga besi na kuimba katika Nightwish, bendi maarufu ya metali ya Finland, amesimama kwenye jukwaa hilo. JP Leppäluoto wa bendi ya Charon pia, na Jarkko Ahola wa Teräsbetoni, bendi iliyoiwakilisha Finland kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 2008. Nyimbo za kale wanaziimba kwa maneno yake ya kale, kwa sauti kamili, bila kukonyeza jicho. Tarja Turunen, mwimbaji wa kwanza wa Nightwish, alitoa albamu ya Krismasi mwaka 2006 na kwa miaka mingi amekuwa akiimba nyimbo hizo ndani ya makanisa.

Mwaka huohuo wa 2006 yalitokea mambo mawili yanayosaidia kuielewa nchi hii. Lordi, bendi inayopanda jukwaani imevaa vinyago vya mazimwi, ilishinda Eurovision mjini Athens kwa pointi 292. Na mjini Helsinki ilifanyika ibada ya kwanza iliyoitwa Metallimessu, misa ya metali: liturujia ya Kilutheri kama kawaida, tenzi kutoka kitabu kilekile cha kanisa, ila badala ya kinanda kuna gita la umeme na ngoma. Kule metali si muziki wa kundi dogo linalojificha. Barack Obama alipowakaribisha viongozi wa nchi za Nordiki, za kaskazini mwa Ulaya, Ikulu ya Marekani mwaka 2016, alitaja kwamba huenda Finland ndiyo yenye bendi nyingi zaidi za hevi metali duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Muziki unaosikika nyumbani, redioni na kwenye harusi ya binamu hauna sababu ya kwenda Krismasi kama mgeni mwenye nia mbaya.

Kilichonimaliza kabisa ni wimbo mmoja, "Varpunen jouluaamuna", yaani shomoro asubuhi ya Krismasi. Maneno yake ni ya mshairi wa Finland Zacharias Topelius, aliyeyaandika kwa Kiswidi mwaka 1859, mwaka mmoja baada ya kumzika mwanawe mdogo Rafael. Theluji imefunika kila kitu. Shomoro mwenye njaa anatua karibu na dirisha, na msichana mdogo anampa mbegu. Shomoro anamwambia: mimi si ndege wa dunia hii, mimi ni mdogo wako, nimetoka mbinguni. Mbegu uliyompa maskini, umempa malaika. Muziki ni wa Otto Kotilainen. Raskasta Joulua wanao wimbo huu, na mkesha wa Krismasi Wafini wana desturi ya kwenda makaburini kuwasha mishumaa juu ya theluji, kaburi baada ya kaburi, hadi uwanja mzima ung'ae. Watu hao ndio wanaojaza zile kumbi. Mwite nani umwambie kwamba wimbo huo ni mzaha?

Basi, kejeli nikaitupa. Nikabaki na maelezo mengine yaliyoonekana ya busara: nyimbo hizi ni za huzuni, gita la metali nalo ni la huzuni, kwa hiyo wamekutana ndugu wawili. Hapo ndipo lilipo kosa la pili. Gita la metali, lile linalonguruma chini ya wimbo, halina huzuni. Furaha pia halina. Limeachiwa kwa makusudi pengo mahali pa hisia hizo, na pengo hilo ndilo jibu la swali letu.

Aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi atanielewa haraka. Piga do, mi na so kwa pamoja: umepata sauti ya meja, iliyochangamka. Sasa shusha mi nusu hatua, huku do na so zikibaki palepale. Papo hapo imekuwa maina, uso umekunjamana. Noti ni tatu, lakini ya katikati peke yake ndiyo yenye uamuzi. Mpiga gita wa metali, kwa sehemu kubwa ya wimbo, haipigi noti hiyo. Anapiga do na so, pengine akaongeza do ya juu. Wenyewe wanaiita pawakodi (power chord). Si meja wala maina.

Anaiacha kwa nini? Kwa sababu ya ule mkwaruzo. Gita la umeme peke yake lina sauti nyembamba na safi. Mkwaruzo unapatikana kwa kuisukuma amplifaya kupita uwezo wake. Mfikirie mtu mrefu anayerukaruka kwenye nyumba ya dari fupi: kila akipanda, kichwa kinagonga. Wimbi la sauti lililokuwa na kilele cha mviringo linagonga dari vivyo hivyo, na kilele kinakuwa bapa. Umeshalisikia jambo hili kwenye spika ya tarumbeta ya gari la matangazo, pale mtangazaji anapopaza hadi maneno yanaanza kukoroma. Wimbi lililokatwa kilele halibaki na noti yake peke yake. Linazaa noti nyingine. Na noti mbili zikipita pamoja ndani ya amplifaya moja iliyozidiwa, huzaliwa pia noti ambayo hakuna aliyeipiga: tofauti kati ya zile mbili.

Tuhesabu. Waya wa pili wa gita kutoka ule mnene, usipobonyezwa, hutikisika mara 110 kwa sekunde. Uite do. So yake hutikisika karibu mara 165. Tofauti ni 55, na 55 ni nusu kamili ya 110, yaani do ileile kwa sauti nzito zaidi. Mpiga gita amepiga noti mbili na amplifaya imemwongezea ya tatu chini yake, ya ukoo uleule. Ndiyo sababu noti mbili tu hutikisa kifua kiasi kile.

Sasa jaribu do na ile mi iliyoshushwa: 110 na karibu 131. Tofauti ni 21. Hapo tumefika ukingoni mwa uwezo wa sikio, na kinachotoka ni mngurumo usio na ukoo na noti yoyote iliyopigwa, kama lori linalosubiri abiria huku injini inawaka.

Kuna njia nyingine ya kuliona, nayo ni kinu. Wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi mara tatu wakati mwenzake anashusha mara mbili. Baada ya muda mfupi michi inakutana, inaachana, inakutana tena, na mwendo unapendeza. Hiyo ni do na so: tatu kwa mbili. Sasa mmoja apige sita na mwenzake tano. Watakutana, lakini kwa kuchelewa, na katikati ni kugongana michi. Hiyo ni do na mi ya maina. Tena gita halisaidii, kwa sababu vile vyuma vya shingoni mwake, vinavyogawa noti, vimepangwa kwa maridhiano ili kila ufunguo uchezeke. So imepotoka kutoka uwiano ule safi kwa takriban sehemu 2 kati ya 100 za nusu hatua, jambo lisilosikika. Mi ya meja imepotoka kwa karibu 14, na ya maina kwa karibu 16. Kwenye gita safi sikio linasamehe. Amplifaya iliyozidiwa haisamehi: inalichukua kila kosa na kulikuza.

Mtu anayeujua muziki huu atapinga hapa, na ana haki. Mbona Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, wamejijengea jina kwa magita mawili yanayokwenda sambamba, moja juu ya jingine kwa umbali uleule wa do na mi? Ni kweli. Lakini kila gita lina amplifaya yake. Kila mchi una kinu chake. Sauti zinakuja kukutana hewani zikiwa zimeshakwaruzwa kila moja kivyake, na hewa haina dari ya kugonga. Kuna bendi pia zinazobana noti zote tatu ndani ya mkwaruzo kwa sababu zinautaka huo uchafu, kwa hiyo nisiseme kwamba ni sheria. Ila kwa wingi wa metali inayopigwa, nafasi ya katikati huachwa wazi.

Na wimbo wa kanisani unakuja na kitu gani mkononi? Melodia inayoipita noti hiyo ya katikati kila baada ya muda mfupi. Mwimbaji ana maikrofoni yake, kinanda kina njia yake, kwaya ya nyuma ina yake. Gita linaweka msingi na kuta mbili, kisha mwimbaji anaingia na noti moja inayoamua kama nyumba hii ni ya arusi au ya msiba. Melodia haihitaji kupindishwa hata kidogo ili iingie. Hata mwendo wake wa polepole ni faida: noti ndefu za utenzi zinampa mpiga ngoma nafasi ya kujaza kwa miguu miwili bila kumkimbiza mwimbaji.

Mfano mzuri haukutoka Finland. Mykola Leontovych wa Ukraine alipanga wimbo wa "Shchedryk", ulioimbwa Kyiv mwaka 1916, na uti wake wa mgongo ni noti nne: do-ti-do-la, do-ti-do-la. Hesabu kutoka la hadi do na utaona ni ule umbali wa maina, unaorudiwa bila kuchoka. Asili yake ni wimbo wa kutakia heri ya mwaka mpya, kuhusu mbayuwayu. Maneno ya Kiingereza ya mwaka 1936 ndiyo yaliyoufanya wa kengele na Krismasi. Savatage, bendi ya metali ya Marekani, waliuweka kwenye albamu yao ya mwaka 1995, na kupitia Trans-Siberian Orchestra, kundi lililozaliwa na watu walewale, ukawa kipande cha metali kinachosikika sana madukani kila Desemba. Twisted Sister, bendi nyingine ya Marekani, nao walitoa albamu nzima ya Krismasi mwaka 2006. Mwimbaji wao Dee Snider ameeleza kwamba wimbo wao mkubwa wa mwaka 1984 ulichota melodia yake kutoka "Adeste Fideles" alioimba utotoni, na huo ni wimbo wa meja. Pengo lile la katikati linapokea zote mbili.

Lakini kwa nini Finland ndiko jambo hili lilikoota mizizi mirefu hivi? Hapa wengi hukimbilia giza. Desemba mjini Helsinki mwanga wa mchana haudumu zaidi ya muda wa saa sita kwa kitu kikubwa, na kaskazini ya mbali jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Ni maelezo yanayovutia, ila nayapokea kwa tahadhari: Waswidi na Wanorwe wana giza hilohilo, na Krismasi yao imejaa nyimbo za meja. Kinachoshikika zaidi ni nyimbo zenyewe. Wafini wana hazina kubwa ya nyimbo za Krismasi za maina, na kwao maina si lazima iwe huzuni. Wimbo wa "No onkos tullut kesä" unauliza kwa mshangao kama kiangazi kimeingia katikati ya majira ya baridi. Ni furaha tupu, na ni maina. Zimo za meja vilevile, kwa mfano utenzi wa Martin Luther kuhusu malaika anayeshuka kutoka mbinguni, ambao Wafini huimba asubuhi ya Krismasi kama "Enkeli taivaan". Ongeza kwamba tangu mwaka 1973 makanisa yao huandaa jioni za kuimba nyimbo za Krismasi kwa pamoja, na utaona kwa nini ukumbi mzima unazijua beti zote.

Mwenye kinanda cha umeme anaweza kulijaribu jambo hili leo jioni. Kwaya nyingi zinacho, na ndani yake karibu kila mara kuna sauti ya gita lenye mkwaruzo, ingawa katika vingine kila noti hukwaruzwa kivyake, kama magita ya Iron Maiden, na hapo tofauti haitasikika sana. Ichague, kisha kwa mkono wa kushoto, upande wa chini, shikilia la na mi. Mwombe mwenzako aimbe polepole wimbo wowote wa maina mnaoujua, na umsikie anavyopata nafasi. Kisha, bila kuachia la na mi, ongeza do kwa kidole cha katikati.