Bure ya hospitali ya serikali analipa nani?

Juzi jirani yangu wa hapa Temeke kanisimamisha getini, mtoto mgongoni. "Kaka, wewe si ndo mtu wa mambo ya afya, hivi mtoto chini ya miaka mitano si bure? Mbona nimetoka hospitali nimetoboka elfu ishirini na tatu?" Nikamwambia dada yangu, kumuona daktari hukulipa, kipimo hukulipa, ila dirishani ukaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Akacheka, akaniuliza nilikuwepo nini.

Sikuwepo, ila kazi yangu kwenye taasisi ni kukokotoa gharama za matibabu, na hii stori naisikia kila wiki.

Hapa Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu ya serikali yalikuwa bure, na 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku, zikaja kuruhusiwa tena 1991. Hali ikabana, 1993 tukaanza uchangiaji, yaani mgonjwa anatoa kidogo. Makundi fulani yakawekewa msamaha wa kulipa: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana.

Sasa shida iko hapa. Mishahara ya madaktari na manesi inatoka Hazina sawa, lakini dawa hospitali inazinunua, sehemu kubwa kutoka Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali pale Keko, na hela ya kununulia kwa kiasi kikubwa inategemea wanaolipa keshi na madai ya bima. Mwenye msamaha akishachukua dawa, mara nyingi hakuna anayerudisha hela ya ile dawa moja kwa moja. Ni sawa na kumwambia mama ntilie awalishe bure wazee na watoto wote wanaopita halafu mchele wa kesho anunue kwa hela ya wale wachache waliobaki, atapika siku mbili tatu, ya nne utakuta sufuria limefunikwa. Mfamasia wa dirishani anatukanwa bure tu jamani, yeye hana cha kufanya.

Na gharama haijaondoka hapo, imehamia kwako. Imeenda famasi ya ng'ambo ya barabara, imeenda kwenye nauli, kwenye siku nzima ya foleni ambayo machinga wa Kariakoo hajauza hata soksi. Hiyo haiingii kwenye bajeti ya wizara yoyote ndo maana haionekani. Bajeti yenyewe, nchi za Afrika zilikubaliana Abuja 2001 zitenge asilimia 15 kwa afya, na sisi hatujawa watu wa kuifikia.

Watu wanasema basi suluhisho ni bima. Sawa, ila kumbukeni kadi ya Toto Afya, ile bima ya watoto ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ilikuwa 50,400 kwa mwaka, mtoto mmoja, bei ya kawaida kabisa, na Machi 2023 ikasitishwa, wazazi wakalia sana. Sababu kubwa ni kwamba wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua, mwenye mtoto mzima anasema ngoja kwanza. Chama cha kuzikana ambacho watu wanajiunga wakiwa tayari na msiba ndani hakiwezi kumaliza mwaka, hata mweka hazina awe malaika. Mwaka uliofuata, Machi 2024, zikaja zile siku hospitali binafsi kadhaa zilikataa kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya bei ambazo mfuko unazilipa hospitali, wenye kadi wakahamia hospitali za serikali ambazo tayari zimejaa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mtu awemo, mzima na mgonjwa, na hapo kimahesabu wako sahihi. Mimi ninachokiangalia ni kitu kimoja tu: wasiojiweza nani anawalipia, na hela inafika hospitali lini. Ikichelewa miezi, tutarudi kwenye kanunue nje, safari hii tukiwa na kadi mfukoni.

Jirani nilimwambia siku nyingine kabla hajatoka nje na cheti cha dawa apite ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali, aeleze hali yake, aulize kama kuna dawa mbadala stoo, na risiti asitupe. Akanambia, "Kaka, na hiyo ofisi nayo ina foleni?"

Inayo.